Anayeshindwa Huosha Vikombe

Nianze kwa kukiri, nisije nikaambiwa nilijificha: napenda kushinda. Si mashindano ya mbio wala kura. Napenda kushinda maneno. Marehemu mama alikuwa akisema ulimi wangu ulizaliwa jioni, mimi nikaufuata asubuhi yake. Alisema akicheka, lakini alikuwa ananionya.

Ninauza vitabu vilivyokwisha kutumika, hapa Machakos mjini, kwenye barabara inayoteremka kuelekea sokoni. Kitabu kikikosa mnunuzi nakisoma, na vingi hukosa. Ndiyo maana najua kwamba pweza ana mioyo mitatu, kwamba twiga na mimi tuna idadi sawa ya mifupa ya shingo, na kwamba kwa mtaalamu wa mimea ndizi na nyanya ni matunda ya aina moja. Mambo hayo nayaandika kwenye daftari la jalada la buluu. Sijawahi kuyahitaji kwa lolote isipokuwa meza ya saa nne.

Meza ya saa nne iko katika hoteli ya mama mmoja, nyuma ya vibanda vya viatu. Tunakaa watu wanne. Mama mwenyewe huketi nusu kitako, sikio moja likiwa jikoni. Yuko mfanyabiashara wa mbuzi, Msomali aliyezaliwa papa hapa mjini, ambaye sote humwita Hajji. Yuko fundi wa saa, mzee kutoka Kathiani, ambaye kibanda chake kinatazamana na changu. Na niko mimi, ambaye kwa kunitania waliniita Mwalimu ingawa sijawahi kushika chaki. Kila siku mmoja wetu huleta swali. Likishafika mezani kila mtu lazima alijibu, na anayeshindwa huosha vikombe vya wote. Swali la mji gani ulikuwa makao ya serikali kabla ya Nairobi tumelipiga marufuku, maana Machakos hii hata mtoto wa chekechea analijua.

Hajji alitushinda kwa macho ya mbuzi. Alisema mboni ya jicho la mbuzi si duara, ni mstari mnene uliolala. Mama alikana kabisa, yeye aliyefuga mbuzi tangu utotoni. Akafunga aproni, akaenda hadi kwenye zizi la Hajji, akarudi, akaosha vikombe. Fundi wa saa alitushinda kwa mishale ya saa. Alisema inazunguka upande ule kwa kuwa wenye kuitengeneza waliiga kivuli cha kijiti kwenye nchi zao za kaskazini. Lau saa ingebuniwa kusini kabisa mwa dunia, mishale ingezunguka kinyume. Nilibisha wiki nzima, kisha nikaosha.

Ila kilichoniuma hasa ni Kyamwilu. Kila mtu huku anaijua ile barabara ambayo ukimwaga maji yanapanda mlima, na gari likiachwa bila breki linapanda lenyewe. Mimi nilikuwa na maelezo yangu ya kitabuni kuhusu mawe yenye nguvu ya kuvuta. Fundi akasema ni macho tu. Siku moja ya mapumziko tukaenda wote wanne na chupa ya maji. Nikamwaga, maji yakapanda, nikapiga makofi. Mzee akatoa mfukoni pimamaji yake, ile anayotumia kunyooshea saa za ukutani, akailaza kwenye lami na kuniita nitazame. Tone la hewa, ambalo daima hukimbilia juu, lilikuwa limekimbilia upande niliodhani ni wa chini. Barabara ilikuwa inateremka muda wote, vilima vilivyoizunguka ndivyo vilivyonidanganya.

"Mwalimu, macho ni ya kuonea," aliniambia akiipangusa pimamaji kwa shati. "Ya kupimia ni hii."

Walicheka hadi tunarudi mjini. Nami nilicheka, lakini moyoni niliapa. Kuanzia siku ile nilikuwa namtafutia yule mzee swali moja ambalo pimamaji isingemwokoa.

Nililipata katika kitabu cha baiolojia kilichochanika jalada. Nililiandika daftarini, nikalipigia mstari mara mbili, nikasubiri zamu yangu, ambayo iliangukia Jumatatu.

Jumatatu hiyo fundi alifika akiwa amenyoa ndevu. Kitinda mimba wake, binti pekee kati ya wavulana, alikuwa anafanyiwa ntheo Jumamosi. Kwetu Ukambani mwanamume aweza kuishi na mke miaka ishirini, akajenga na kuzaa naye, lakini kama hajapeleka mbuzi wa ntheo kwa kina mke, huyo bado ni msichana wa kwao. Na mbuzi hao hupelekwa kwa baba. Baba asipowapokea, wanarudi na kamba yao.

"Mbuzi wenyewe wako kwangu," Hajji alisema, amefurahi kana kwamba binti ni wake. "Watu wa kijana walichagua juzi. Nimewatenga, wanakula vizuri."

"Nyinyi wote mnakuja," mzee alituambia. "Mama, wewe utasimamia chai. Hajji, utachinja mwenyewe ndio ule. Mwalimu, wewe utakuja kunyamaza."

Tulicheka. Ndipo nikafungua daftari.

"Baba ni wa damu ya kundi O," nikasema. "Mama pia ni O. Mtoto wao anaweza kuwa kundi gani?"

Hajji alisema O au B. Mama alisema hiyo ni kazi ya Mungu, yeye hajui. Mzee alinyoosha miguu chini ya meza.

"Yoyote," alisema. "Na leo niko na shahidi. Huyu binti yangu akizaliwa, mama yake alipoteza damu mingi. Wakanipima, mimi ni O, yeye ni O, wakanitoa wakamwekea. Damu yangu inatembea ndani ya mama yake mpaka leo. Na mtoto mwenyewe ni A."

Akaingiza mkono kwenye mfuko wa koti, akatoa pochi, na ndani ya pochi kadi ndogo. Binti alikuwa ametoa damu chuoni, wakampa kadi, naye kampa baba amtunzie. Mzee alikuwa akitembea nayo kama wengine wanavyotembea na picha. Akaiweka katikati ya vikombe. Kundi: A.

Nikisema sikuona kilichokuwa mbele yangu nitakuwa mwongo. Nilikiona. Lakini nilikiona kama mtu anayeona goli limeachwa wazi, mguu ukapiga kabla kichwa hakijafikiri.

"Haiwezekani!" nilisema, nikaipiga meza. "O na O huzaa O peke yake! Kitabu kimesema! Mzee, leo umeshindwa. Beba vikombe!"

Hakuna aliyecheka. Sufuria ilikuwa inachemka jikoni na mama hakugeuka kuitazama. Hajji alikuwa ameshika andazi karibu na mdomo, akalirudisha kwenye sahani. Niliitazama ile kadi, nikamtazama mzee, na joto la kushinda likanitoka mwilini.

Mzee aliichukua kadi. Aliirudisha kwenye pochi, pochi kwenye koti. Kisha akainuka, akakusanya vikombe vinne, akaenda kwenye karai. Aliviosha kwa muda mrefu. Alivisuuza mara mbili, akavipanga kifudifudi, akapangusa mikono na kutoka kwa mlango wa nyuma bila kuaga.

"Aiya," mama alisema taratibu. "Umefanya nini, wewe?"

Nilifunga daftari.

Jumanne kibanda cha saa hakikufunguliwa. Nilikaa na vitabu vyangu nikiangalia kufuli. Ndani ya kile kibanda saa zake zilikuwa zikitembea. Mlio wake ulinifikia kila magari yalipopungua, na saa sita ya mchana zile zenye kengele ziligonga zote, kila moja kwa wakati wake, hakuna wa kuzinyamazisha. Nilipiga simu yake. Haikupatikana. Saa nne nilikuwa nimeenda mezani, tukanywa chai watatu bila swali.

Jumatano vilevile. Hajji alikuja amekunja uso.

"Watu wa kijana wamenipigia simu mara tatu," alisema. "Wanauliza kama mbuzi waende ama wasiende. Kwa kina msichana mzee hashiki simu. Mama ya msichana naye anasema mzee hasemi. Mimi niwaambie nini?"

"Waambie waende," nikasema.

"Waende kwa nani? Baba akikataa kamba mbele ya wazee wote, wallahi hiyo aibu haitatoka. Wewe unaijua hiyo mila kuliko mimi."

Naijua. Nilimwona binti yule mara nyingi akimletea baba yake chakula kwenye bakuli la mfuniko. Ana mwendo wake wa haraka na kicheko cha puani. Nikamwona akilini amesimama mbele ya wageni, baba yake ametazama pembeni. Nikamwona mama yake akiulizwa mbele ya wanawe wakubwa swali ambalo mimi, mimi na daftari langu, ndiye niliyelitengeneza. Nilijichukia. Nilitamani kulitupa lile daftari karaini pamoja na masazo ya chai.

"Maji yakimwagika hayazoleki," mama alisema.

"Nitayazoa," nikamwambia kwa hasira, kana kwamba ni yeye aliyeyamwaga.

Nilifunga duka mapema nikaenda hospitali. Siendi pale kama mgonjwa; nina mteja wangu anayefanya kazi maabara, huwanunulia watoto wake vitabu vya hadithi kwangu. Nilimngoja kwenye benchi hadi alipotoka kula. Nikamuuliza bila kutaja mtu. Alinitazama kwa namna iliyonionyesha kwamba si mara ya kwanza kuulizwa swali hilo na mtu anayejifanya anauliza tu.

"Kwanza kadi yaweza kuwa na makosa," alisema. "Mtu akiandika amechoka, A huandikwa mahali pa O. Wapimwe tena wote watatu. Pili, kuna damu fulani adimu. Mwenye nayo hupimwa akaonekana ni O, kumbe amebeba A iliyojificha. Akizaa, mtoto anaweza kuirithi, na kwake ikaonekana."

"Kwa hiyo inawezekana!"

"Inawezekana." Akasita. "Lakini mimi tangu nianze kazi hii sijaiona hata mara moja."

Nusu ya kwanza niliiandika daftarini. Ile ya mwisho sikuiandika.

Alhamisi nilikwenda Kathiani. Nilifika kwa mzee kabla ya saa tano, daftari kwenye mkoba. Mahindi yalikuwa yamefika magotini, na uwanja ulikuwa umefagiliwa kwa ajili ya wageni. Viti vya plastiki vya kuazima vilikuwa vimebebanishwa ukutani. Mke wake alitoka jikoni akijipangusa mikono kwa leso, akanikaribisha kwa heshima ambayo sikustahili.

"Karibu, Mwalimu. Ametuambia habari yako mingi," alisema. Akanipa kiti, akaketi karibu, akapunguza sauti. "Nisaidie. Kuna kitu imetokea huko mjini? Tangu Jumatatu hali chakula. Anaamka anachukua jembe, anarudi jioni. Nikimuuliza kama ni mgonjwa anasema hapana. Nikimuuliza kama ntheo iko, ananiangalia tu."

Alikuwa na uso mwembamba na macho yasiyokwepa. Nilimtazama yale macho nikitafuta kitu, na nilipogundua ninachokitafuta nikaona haya hadi masikioni. Nilikuwa nimeenda kuzoa maji, na hapo hapo nilikuwa nimeanza kumhukumu mtu aliyenipa kiti. Neno moja langu lingetosha. Lilikuwa limefika kwenye meno.

"Alishindwa na swali, mwaitu," nikasema, nikimwita mama kwa Kikamba. "Unajua anavyochukia kushindwa."

Alikunja leso mapajani. Sijui kama aliniamini. Hadi leo sijui anajua nini na hajui nini, na si haki yangu kujua.

"Yuko kule chini," alisema. "Anasafisha kaburi la baba yake."

Nilimkuta amepiga magoti kando ya safu ya mkonge, anang'oa magugu kwa mkono. Msalaba wa saruji ulikuwa umepakwa chokaa mbichi. Jembe lilikuwa pembeni. Aliniona, akaendelea kung'oa.

"Mzee, nimekuja kuomba msamaha," nikasema. "Na nimekuletea kitu. Nimeuliza hospitali. Kadi inaweza kuwa na makosa. Na kuna damu ingine, ya watu wachache, ambayo..."

"Umeongea na mama watoto?"

"Ameniuliza. Sijamwambia."

Mkono wake ulitulia juu ya nyasi. Nikamwona anavuta pumzi kama mtu aliyetua mzigo nusu, akaupumzisha gotini.

"Nimekaa na hiyo swali yako siku tatu," alisema. "Usiku nageuka nayo. Asubuhi naamka, mama yake ananipa uji, naona mdomo wangu unataka kufunguka. Nachukua jembe nakuja hapa. Unajua ni kwa nini nakuja hapa?"

"Sijui, mzee."

"Hujui." Alinitazama kwa mara ya kwanza. Macho yalikuwa mekundu, ila hayakuwa na hasira, na hilo lilinitisha zaidi. "Rudi kwa kazi yako. Kesho ni zamu yangu ya swali. Nitakuja saa nne. Na usilete daftari."

"Na Jumamosi?"

Alirudi kwenye magugu yake. Nikapanda kilima nikiwa sijui kama nimezoa chochote.

Ijumaa nilifika mezani robo saa kabla ya wakati. Hajji alikuwa ameshafika. Alisema watu wa kijana wamempa hadi mchana. Wakikosa jibu watawaacha mbuzi zizini na kuwarudisha wazee wao makwao. Mama aliweka vikombe vinne, akakiondoa kimoja, akakirudisha. Hakuna aliyegusa mandazi.

Saa nne kamili fundi aliingia. Alivua kofia, akaketi mahali pake, akanywa chai yake nusu kikombe kabla ya kusema.

"Swali," alisema. "Baba alikufa akazikwa. Miaka tisa ikapita. Mwaka wa kumi mtoto wake akazaliwa. Si mjukuu, si mtoto wa kambo. Mtoto wake, mwenye jina lake na shamba lake. Inawezekana ama haiwezekani?"

"Haiwezekani," Hajji alisema. "Wallahi mimi nimezalisha mbuzi maisha yangu yote. Haiwezekani."

Zamu ya mama ikafika. Alikuwa ameinamia meza, na nilipomtazama vizuri niliona anatabasamu na macho yana maji. Alikuwa tayari analo jibu.

Wakanigeukia mimi. Niliogopa kufungua mdomo, lakini sheria ni sheria.

"Kuna hospitali huhifadhi mbegu ya mwanamume kwenye baridi kali," nikasema kwa sauti ndogo. "Hata akifa, mke anaweza..."

"Kathiani?" mzee aliniuliza. "Wakati nazaliwa? Hata barafu hatukuwa tumeiona."

"Basi haiwezekani."

"Umeshindwa," alisema. Aligeuza kikombe mezani, mkono wa kikombe ukamwelekea. "Huyo mtoto ni mimi. Mwenye lile kaburi uliona nikilisafisha alikufa akiwa kijana. Aliacha mke, hawakuwa na mtoto. Yule mama mjane hakutaka boma ya bwana yake izime. Akatoa mbuzi, akatoa ng'ombe, akaoa msichana. Mwanamke akaoa mwanamke, kama mila inavyoruhusu. Iweto. Huyo msichana aliolewa ndiye alinizaa mimi na ndugu zangu. Na sisi wote ni wa yule mzee aliyelala pale kwa mkonge."

Mimi ni Mkamba. Nyanya yangu mwenyewe alikuwa na jirani aliyeoa iweto. Nilicheza na watoto wa boma lile, tukagawana viazi. Najua mioyo ya pweza ni mingapi, najua shingo ya twiga, na jibu lililokuwa limekaa jikoni kwa nyanya yangu halikunijia hata kwa mbali.

Hajji alikuwa amesogeza kiti. "Na yule mwanamume... yule alileta mbegu?" aliuliza, kwa adabu kadiri swali lile linavyoweza kuwa na adabu.

"Simjui. Sikuambiwa na sikuuliza. Huenda nilikutana naye sokoni tukasalimiana." Mzee alicheka kidogo, kisha kicheko kikaisha. "Mimi nililia kwa kaburi ya mtu hajawahi kuniona. Nililima shamba yake. Niliita watoto wangu majina ya nyumba yake. Miaka sitini na kitu hakuna mtu ameniambia mimi si wake, hata siku ya kugawa mashamba, na hiyo siku unajua watu huongea. Sasa Jumatatu mtu ananisomea kitabu, na mimi nakimbia kutafuta jembe."

Nilitaka kusema kitu. Mama aliniwekea mkono juu ya mkono.

"Lakini si wewe unaaminia pimamaji?" Hajji alimuuliza. Hakuwa anamkejeli, alitaka kujua kweli.

"Haidanganyi," mzee alisema. "Inaambia mimi barabara inateremka upande gani. Haiambii mimi nyumbani ni wapi."

Akamaliza chai. Akageukia Hajji.

"Wewe unangoja nini? Piga simu. Waambie mbuzi waje mapema, kabla jua ikuwe kali."

Hajji alikuwa anabonyeza namba kabla sentensi haijaisha. Alitoka nje kuongea, na tukamsikia akipaza sauti kana kwamba anaongea na watu wa ng'ambo. Mama alikwenda jikoni, akapuliza pua, akaanza kugonganisha sufuria bila sababu.

Nilikusanya vikombe. Nilikuwa nimeshika cha pili karaini nilipomsikia nyuma yangu. Mzee alikuwa ametwaa kitambaa. Akachukua kikombe nilichokisuuza, akaanza kukikausha, na tukafanya kazi hivyo hadi kikombe cha mwisho.

"Mwalimu," alisema, amekitazama kile kikombe. "Hiyo damu ingine ulisema. Ya watu wachache."

"Ndiyo, mzee."

"Ni wachache sana?"

Nilikumbuka yule mtu wa maabara alivyosita. Maisha yangu yote nilikuwa nimengoja watu waniulize maswali ambayo majibu yake ninayo, na hili nilikuwa na jibu lake kamili. Mikono yangu ilikuwa kwenye maji ya sabuni.

"Iko, mzee," nikasema. "Watu wako nayo."

Aliendelea kukausha kikombe ambacho kilikuwa kimekauka zamani.

"Basi iko," alisema. Akakiweka kifudifudi pamoja na vingine. "Kesho kuja mapema. Kuna viti ya kupanga."

Nilikwenda mapema. Nilipanga viti, nilimenya viazi, na nilinyamaza kama nilivyoagizwa. Wageni walifika jua likiwa bado changa, wamewatanguliza mbuzi, Hajji nyuma yao akiwahimiza kwa kifimbo. Binti alikuwa amesimama mlangoni na mama yake, wameshikana mikono. Msemaji wa wageni, mzee mmoja mwenye maneno ya mviringo, alisalimia, akasifu boma, akasifu mvua, kisha akainua kamba juu na kuuliza, kama wasemaji wanavyopenda kuuliza wanayoyajua, baba wa msichana huyu ni nani katika watu hawa ili amkabidhi.

Fundi wa saa alikuwa ameinuka na kunyoosha mikono yote miwili kabla swali halijaisha.